Ekseli Niliyoikata Mwenyewe

Ndugu zangu mliokuja ibadani Ijumaa hii, mmeniona nikipanda ngazi hizi kwa miguu yangu miwili. Naomba niwaeleze ilivyokuwa, pamoja na sehemu ambayo ni aibu kwangu.

Mimi ni Wafula wa Bungoma, fundi wa kuchomelea vyuma. Nilikuja Dubai nikiwa na afya ya fahali na mdomo mpana. Gereji yetu iko Dubai Investments Park. Tunafufua magari ya zamani, yale yaliyoundwa kabla babu zetu hawajaoa. Tunayatia injini kubwa na kuyashusha pua. Kila mshono mgumu uliletwa kwangu, nami nilipenda hivyo.

Arbab wetu, yaani tajiri mwenye gereji, Abu Khalid, alikuwa na gari lake mwenyewe, jekundu, na alitaka lishuke inchi nne mbele. Kinachofanya kazi hiyo ni ekseli, ule mhimili unaobeba magurudumu mawili ya mbele. Ziko ekseli zinazotoka kiwandani zikiwa zimepinda ili gari likae chini. Aliyoagiza ilichelewa, na maonyesho ya magari yalikuwa yamekaribia.

"Wafula, unaweza kuikata hii ya zamani ukaiunga upya?"

"Naweza, arbab. Siku mbili, khalas, imekwisha."

Ssali, fundi rangi kutoka Uganda ambaye tuliishi naye chumba kimoja Rashidiya, alinivuta kando. "Ssebo, ekseli haikatwi. Hiyo inabeba roho ya mtu." Nikamwambia ashughulike na rangi zake.

Asubuhi ya siku ya tatu nililitoa gari mwenyewe kulijaribu, barabara ya nyuma ya maghala. Tuta la kwanza nililipita salama. Kwenye la pili nilisikia mlio mfupi, kama kuni kavu ikivunjwa kwa goti. Usukani ukalegea mkononi. Gurudumu la kushoto likalala chini ya gari, gari likachimba lami, likapanda ukingo na kugonga nguzo ya zege. Sikuzimia, ingawa nilitamani. Nilitazama chini nikaona mfupa wa muundi umetoboa suruali, na kiatu changu kimegeukia nyuma.

Nilipelekwa hospitali nikapasuliwa siku hiyo hiyo. Walinifunga fremu ya chuma nje ya mguu, vyuma vyake vikipenya nyama mpaka mfupani. Baada ya siku chache kidonda kikaanza kunuka. Nilificha. Kila muuguzi alipokaribia nilivuta shuka. Siku ya pili ya kuficha, usaha wa kijani ulilowesha bandeji na homa ikanitetemesha hadi meno yakagongana. Daktari, mama mmoja asiyezungusha maneno, alifunua akatazama.

"Maambukizi yamefika kwenye mfupa. Tutauosha tena. Dawa zisiposhika, tutakata chini ya goti ili uishi."

Nilimpigia mke wangu, Nekesa. Nilitaka alie nami. Hakulia.

"Baba Joy, mimi niliolewa na wewe, si na mguu. Weka sahihi hiyo karatasi ya kuwaruhusu wakate. Rudi ukiwa hai."

Nikaweka sahihi. Walinirudisha chumba cha upasuaji mara nne. Waliosha, wakakwangua mfupa uliooza, wakakata ngozi ya paja kuziba shimo.

Kabla ya mara ya nne, Abu Khalid alikuja akaketi kando ya kitanda na tasbihi yake. Yeye ndiye kafeel, mdhamini wa viza yangu, na nilijua akiamua, narudi Kenya na mguu mmoja. Hata hivyo nilimwambia.

"Arbab, kosa si la barabara. Mshono ule ni wangu, na Ssali alinionya."

Alisogeza punje chache za tasbihi. "Nilikuuliza kwa sababu nilitaka useme ndiyo," akasema. "Tumekosa sote wawili. Pona kwanza, inshallah."

Baada ya upasuaji ule homa ilishuka na haikupanda tena. Daktari alinibana kidole gumba cha mguu. "Unasikia?" Nilisikia. Kiliuma vibaya sana, na sijawahi kufurahia maumivu namna ile.

Yakafuata miezi saba ya magongo na mazoezi. Siku niliyotembea bila gongo kutoka kituo cha metro cha Rashidiya hadi mlangoni kwetu, Ssali alinifuata nyuma amebeba kiti cha plastiki, nikichoka niketi. Alikibeba bure.

Niliporudi gereji, nilikuta ekseli mbili mezani. Moja iling'aa kama kioo, nyingine ya kijivu, haina sura. "Chagua," alisema Abu Khalid. Nilizining'iniza kwa kamba, nikazigonga kwa nyundo. Ya kung'aa ilijibu kwa mlio mfu. Ilikuwa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa tu. Ya kijivu, iliyofuliwa ikiwa moto, ililia kama kengele. Lakini sikuamini sikio peke yake. Tuliipeleka ikapimwa nyufa kwa sumaku, na tulipoifunga tulihakikisha hakuna kitu kinachoning'inia chini ya ukingo wa rimu, ili tairi likipasuka gari lisiparuze lami.

Kisha nikaliendesha lile gari jekundu, lililokwisha kutengenezwa, barabara ile ile. Abu Khalid aliketi kando yangu. Tulipanda tuta la pili, tukashuka, na gari likaenda mbele limenyooka.

"Yalla, ongeza," akasema.

Nikaongeza, huku nikicheka na machozi yakinitoka.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na Nekesa, na Ssali aliyeketi pale nyuma akijifanya hanisikii. Wewe mwenye kidonda, usifiche harufu yake. Sema siku ile ile. Na wewe fundi mwenzangu, ukiulizwa kama unaweza kuunga ekseli iliyokatwa, jibu hapana. Mimi najibu hivyo karibu kila wiki, na kazi bado ninayo.