Sufuria za Jette

Siku Hadassa alipoingia dukani mara ya kwanza, Maman Rolande alidhani ni mteja, akamkaribisha kwa meno yote. Alipojua kwamba binti hanunui kitu, aliyafunga meno yake.

"Minaomba kuuliza ba-client yako maswali, maman. Ni kwa masomo ya université."

"Université? Na weye uko na miaka ngapi?"

"Dix-sept."

"Dix-sept, na sac ya shule mu mugongo! Mutoto, kama unauza uongo, basi uza uongo yenye kuiva."

Haukuwa uongo. Hadassa, binti wa Anaclet dereva wa basi, alikuwa na miaka kumi na saba; alizaliwa Kolwezi, Kongo, akaletwa Brussels kabla hajang'oa meno ya utoto. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, Etterbeek. Jumatano mchana, shule zinapofungwa na wenzake wanakwenda kucheza mpira, yeye alikwenda chuo kikuu kuketi na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alisoma jiografia ya binadamu: watu wanakaa wapi, wanahama kwa nini, soko linawavuta kutoka umbali gani. Shule na chuo vilikuwa vimepatana. Akifaulu mtihani, mwaka ujao angeingia chuoni somo hilo likiwa limeshahesabiwa. Kazi yake ya muhula ilikuwa kuchagua duka moja na kueleza wateja wake wanatoka wapi.

Rolande alipigwa na butwaa. Ameuza makayabu, yaani samaki wa chumvi, katika kijia kinachotokea barabara ya Chaussée d'Ixelles tangu nywele zake zikiwa nyeusi bila rangi, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba makayabu ni elimu ya chuo kikuu. Hata hivyo, butwaa halikumzuia kupatana bei.

"Bon. Unauliza ba-client yangu, na weye unanitumikia samedi zote. Unapima unga, unabeba ma-carton, unafagia. Bure."

"Samedi zote, lakini unanilisha midi, chakula ya mchana."

"Ni nani njo alikufundisha kubishana vile?"

"Papa. Anabishanaka na batu mu bus."

Wakapatana.

Wakati huo Rolande alikuwa na jambo kubwa kichwani. Mwenye nyumba, Papa Pol, Mbelgiji mzee aliyefanya kazi Kolwezi hadi akaota mvi, alikuwa amekubali kumpangisha chumba cha jirani. Rolande alitaka kubomoa ukuta, aweke meza na majiko, auzie watu wa mtaa bukari, yaani ugali, na sombe, yaani kisamvu, vya moto. Mtaa aliujua kuliko alivyojua viatu vyake. Angeweka humo kila alichokusanya maishani, na asingekuwa na cha pili cha kukusanya. Jumamosi ya kwanza ya Hadassa, mchana, Pol angekuja kuchukua jibu, na jibu lilikuwa ndiyo. Asubuhi hiyo alikuwa ameshalitamka kwenye simu.

Kwa Hadassa, Jumamosi hiyo ilianza vibaya. Alimsogelea mteja akamwuliza anakaa wapi. Mteja aliacha ndizi zake juu ya mizani, akatoka. Wa pili akasema anakaa "kwa Mungu".

Rolande alimvuta nyuma ya friji. "Unanifungia duka! Batu ya hapa haubaulizi adresse. Watafikiri ni commune, serikali ya mtaa, njo inakutuma. Mwingine ameandikishwa kwa dada yake, analala kwa mwanaume, barua zake zinaenda kwa pasteur. Uliza mambo ya chakula. Sema: maman, hii itapikwa wapi? Muntu hafichi sufuria yake."

Hadassa akashika dawa hiyo. Na kweli, watu wakafunguka kama makopo. Rolande akajipongeza kimoyomoyo. Chuo kizima, na swali lenyewe limetoka kwake.

Karibu na saa sita akaingia Marie-Jeanne, anayesafisha wadi katika hospitali kubwa ya Jette, upande wa pili wa jiji, akivuta kigari chake cha magurudumu. Rolande hakumpenda. Mwanamke huyu kila mara alidai matabishi, ile nyongeza anayotiwa mnunuzi juu ya alichonunua, na hakutosheka na moja. Kwa Rolande sheria ilikuwa fupi: muntu moja, matabishi moja.

"Ongeza, maman. Samaki nayo uongeze."

"Nimekwisha kuongeza mu sombe. Alors, weye uko na matumbo ngapi? Dokta wa Jette akupime!"

Duka likacheka. Marie-Jeanne hakucheka. Alikuwa anafunga kigari chake kwa hasira Hadassa alipomfikia na swali lake.

"Maman, hii chakula itapikwa wapi?"

"Jette."

"Yote?"

"Sombe ni ya Thérèse wa maternité, kule kwa bazazi. Mawese ni ya Tonton Ghislain na bibi yake. Makayabu, ba-infirmière, bale manesi ba usiku, banagawana. Unga ni ya jengo letu, toka chini mpaka juu. Yangu mimi ni hii moja." Akainua mfuko mdogo wa pilipili.

Rolande alisimama na kisu kikiwa nusu ndani ya samaki. Miaka yote ameona mwanamke mmoja mlafi. Kumbe mbele yake limekuwa likisimama jengo zima.

"Na bengine?" akamwuliza Hadassa. "Bale uliuliza leo?"

"Vilvoorde, maman. Alost, inje ya mji kabisa. Wengi Jette na Ganshoren. Wa hapa mtaani ni wawili tu, na wao wamechukua avoka na Fanta."

"Haiwezekani! Hii ni mtaa yetu!"

"Batu bamehama, maman. Loyer, ile kodi ya nyumba, imewafukuza. Duka njo imebaki." Hadassa aliinua kalamu, kwa adabu zote. "Na weye, maman? Unapikaka wapi?"

Rolande mwenyewe hakupikia mtaa huu. Alipika Anderlecht. Kila jioni alifunga duka akapanda tramu kwenda Anderlecht, na hakuwahi kujihesabu. Akaketi juu ya gunia.

Lakini aliyeamka zaidi siku hiyo alikuwa Marie-Jeanne. Alikuwa amejisikia kwa masikio yake mwenyewe akizitaja sufuria zile, na alipogeuka hakuwa tena yule wa kuomba nyongeza.

"Matabishi baki nayo," alisema. "Minataka bei ya gros, bei ya jumla. Utaleta vitu Jette na camionnette, gari ya mizigo, kila jeudi, mu cave yangu, kule chini ya jengo. Mi njo nitagawa."

"Gros! Weye ni muuzaji?"

"Toka leo. Kama hutaki, nitaenda kununua kule unanunuaka weye."

Rolande alipiga kelele, akaapa kwa marehemu mama yake, akajifanya anakwenda kuhudumia wengine. Marie-Jeanne alisubiri ameegemea kigari. Mwishowe walikata katikati: bei ya gros, ila gari la kila Alhamisi ni la Marie-Jeanne kutafuta. Rolande alitoa mkono kama mtu anayeng'olewa jino.

Papa Pol alipofika na kalamu mfukoni, alikuta jibu limegeuka.

"Maman, si ulisema ndiyo?"

"Ndiyo ilikuwa ya asubuhi, papa. Bale ba kula hapa bamehama."

Pol akaenda, akampa chumba kijana wa kuuza kahawa.

Hadassa alifaulu Juni. Mwalimu wake alimsifu kwa swali la sufuria, kisha akamkata alama kwa kuvaa aproni ya duka alilokuwa akilichunguza, kwani mchunguzi hauzi. Somo limehesabiwa, naye sasa ni mwanafunzi kamili. Jumamosi hafiki tena kijiani. Kazi yake mpya anaifanyia Jette, ndani ya cave ya Marie-Jeanne.

Rolande aliokoa akiba yake, na duka bado liko wazi. Lakini Jette hakuna anayemtaja. Wanasema wamekula makayabu ya Maman Marie-Jeanne, na Rolande ndiye anayeyapakia garini kila Alhamisi.