Ng'ombe wa Nyamuswa Kwenye Albamu Zetu

Juzi, nikiwa kwenye duka la kuchapa picha mjini Musoma, mama mmoja alikuwa akimwonyesha mwenzake ukurasa wa albamu ya kipaimara cha mwanawe alioupamba kwenye simu. Mzee kutoka Nyamuswa akachungulia, akagonga kioo cha simu kwa ukucha.

"Huyu ng'ombe ni wangu! Anafanya nini kwenye kipaimara cha mwanao?"

"Shikamoo, mzee. Alikuja na mpangilio wa ukurasa, wenye maua tayari, tuliotumiwa kwenye grupu letu la WhatsApp la kina mama. Tunabadilishaga picha za watu tu. Ukimtoa yeye, maua yanaharibika."

Mzee akamkagua ng'ombe wake kuanzia pembe hadi kwato. "Basi msimtoe."

Nilicheka njia nzima hadi nyumbani Kamunyonge. Mke wangu naye yumo kwenye grupu hilo. Nikafungua albamu ya harusi yetu aliyoipamba yeye. Ng'ombe yupo, kando ya bibi harusi, mahali pangu.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Wewe ulikuwa unaziba maua."