Beki Aliyekatazwa Rafu

Mimi nilikuwa kipa, kwa hiyo mgongo wa Aderbal naujua kuliko mkewe. Alisimama mbele yangu katika timu ya Estrela da Serra tangu tukiwa vijana mpaka tukaota vitambi, na nakuambia ukweli: mpira hakuujua. Alichojua ni kufyeka miguu ya watu. Basi mji wetu wote huku milimani Minas ukampenda kufa. Akipita sokoni, wauza mikate ya jibini waligombania kumlisha bure. Mimi niliyepangua penalti hadi vidole vikapinda, nilinunua yangu!

Mwaka mmoja goti lake likaharibika. Daktari akasema mpira basi. Mama yake, Mama Zulmira, hakubishana na daktari. Alikwenda kwa Mtakatifu Sebastiani akaweka nadhiri: goti likipona, mwanawe hatacheza rafu tena maisha yake yote.

Goti likapona. Lo!

"Mama, si ungeahidi mishumaa?" Aderbal alilalamika. "Ungeahidi hata ng'ombe!"

"Ng'ombe tunaye? Nyamaza. Nimeshaahidi."

Nadhiri ya mama huku kwetu haichezewi. Aderbal akaanza kucheza kistaarabu, nasi tukaanza kufungwa. Washambuliaji walimpita wakimkejeli: "Samahani, mjomba, naomba njia." Sokoni akawa ananunua mikate kama mimi. Alinyong'onyea hadi nikamhurumia, na mimi si mtu wa huruma.

Ikafika mechi ya mwisho. Tukitoka sare tunabaki, tukifungwa tunashuka daraja. Bila bila, dakika za lala salama, kijana mmoja mwenye mbio akamtoka Aderbal, anakuja kwangu peke yake. Aderbal alikimbia pembeni yake, mikono nyuma kama padri. Nilimtukana, sikatai.

Ndipo sauti ya Mama Zulmira ikapasua jukwaani: "Aderbal! Mpige! Na Mtakatifu nitaongea naye mwenyewe!"

Usiulize. Kijana alipaa. Kadi nyekundu. Mpira wa adhabu nikaupangua, na naomba mjue niliupangua, maana uwanja mzima uliimba jina la mtu ambaye tayari alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Kesho yake asubuhi Mama Zulmira alipiga magoti chini ya kilima cha kanisa la Mtakatifu, akaanza kupanda hivyo hivyo juu ya mawe. Aderbal alikuja mbio na kandambili.

"Mama, inuka! Rafu nimecheza mimi."

"Aliyevunja neno ni mimi. Wewe ulitii tu."

Aderbal akapiga magoti kando yake, analia waziwazi. Mimi nilikuwa nimeapa kumnunia mwezi mzima; nikajikuta nami niko chini, nafuata. Katikati ya kilima mama akaishiwa pumzi, na Aderbal akanyoosha mikono ambebe.

"Ukinibeba, hiyo ni rafu," alisema.

Basi akapumzika kidogo, tukamsubiri, kisha tukaendelea naye polepole mpaka mlangoni.