Nondo wa Kijani Nyumbani kwa Haboba

Mwezi uliopita nilikwenda Jinja kuhani msiba, na kabla ya kurudi Mbale nikamwomba dereva wa boda boda anipitishe mtaa niliokaa nikiwa na miaka tisa. Nyumba bado ipo. Baraza yake ndefu imewekewa vioo na kugeuzwa duka la simu, na ukuta wa mbele, uliokuwa mweupe wa chokaa, umepakwa rangi ya mafuta ya kahawia inayong'aa. Nilisimama ng'ambo ya barabara kama mtu aliyeahidiana na mtu. Dereva akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni njaa. Ungekuwa wewe, rafiki yangu, ungemwambia nini? Kwamba mwanamke mzima mwenye watoto watatu anaogopa ukuta?

Basi ngoja nikueleze wewe, maana kwako sioni haya.

Kwetu ni Mbale, Namakwekwe, chumba na ukumbi katika ua wa wapangaji. Mama ni Mgisu, baba alikuwa Mnubi wa Jinja, na ndani ya nyumba tulizungumza Kiswahili kwa sababu ndicho kilichowakutanisha. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka mitano alipopata homa. Tulidhani ni malaria kama malaria zote. Siku ya tatu shingo yake ikakakamaa, akawa analia mtu akifungua dirisha, anasema mwanga unamchoma. Mama alimbeba mgongoni akakimbia naye hospitali bila hata kuvaa viatu. Sufuria ya malewa ilibaki jikoni ikaungua, na harufu ile ya vichipukizi vya mianzi vilivyoungua ndiyo niliyoondoka nayo, kwa kuwa mchana huohuo baba alinipandisha basi la Jinja kwa mama yake. Hakunieleza kitu. Alisema tu nikae na haboba mpaka mdogo wangu apone. Haboba ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi.

Haboba wangu alikuwa mrefu, mwembamba, mikono yake haitulii. Akimaliza kupika gurusa, ile mikate laini tunayolia mchuzi, alikaa barazani kusuka vifuniko vya ukindu vya rangi nyekundu na zambarau. Jinja ya siku hizo ilikuwa na sauti zake. King'ora cha kiwanda kilipiga asubuhi na watu wakaanza kupita kwa makundi. Korongo wale wenye upara walitembea juu ya mabati yetu kwa hatua nzito, na mimi nililala nikiamini kuna mzee wa viatu vikubwa anatafuta tundu la kuingilia. Haboba alisema hofu ni mgeni. Ukimpa kiti ataomba na kitanda. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumpa kitanda tangu ndani ya basi.

Alasiri moja, akisuka, haboba alinisimulia habari za mti ulioko mbinguni. Kila aliye hai ana jani lake katika mti ule, na jina lake limeandikwa juu yake. Jani likianza kuwa la manjano, mwenyewe hajui. Likianguka, amebakiza siku chache. Haboba alisimulia kwa utulivu, kama anayesimulia habari za mvua, kwa sababu yeye alikuwa na amani na Mungu wake. Hakujua anamwambia nani.

Kazi yangu ilikuwa kufagia baraza kila alfajiri, haboba akiwa bado kwenye msala. Taa ya barazani ilikuwa haizimwi usiku, na kulipopambazuka wadudu walioijia walikuwa wamebaki wamejibandika ukutani. Asubuhi iliyofuata hadithi ile niliinua fagio, nikaona jani. Lilikuwa dogo kama ukucha wa kidole gumba, la kijani kibichi, limelala bapa kwenye chokaa, na mstari mweupe umelipita katikati kama mshipa. Kando yake lilikuwepo la pili. Juu, karibu na taa, la tatu. Nyumba ile haikuwa na mti hata mmoja upande wa mbele. Nilijiuliza majani haya yameangukaje, na ukutani! Nikasogeza kidole. Jani likatembea.

Nilijua nondo, rafiki yangu, wale wa kahawia wanaozunguka taa. Nondo wa kijani nilikuwa sijapata kumwona, na kwa akili yangu ya miaka tisa hakuwa nondo. Alikuwa jani lililopewa miguu ili limfikie mtu wake. Na aliyekuwa mgonjwa kwetu alikuwa mmoja.

Nikamchagua mdogo kuliko wote, nikaamua kwamba huyu ndiye wa mdogo wangu. Nilitaka kumtunza asikauke. Nikamweka kwenye kopo tupu la mafuta ya kupaka, nikalowesha pamba ili apate maji ya kunywa, nikafunika, nikaficha chini ya kitanda. Siku nzima nilitembea nikiwa na furaha ya kutisha, kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

Kesho yake nilifungua kopo. Kijani kilikuwa kimetoweka. Mabawa yalikuwa ya manjano, rangi ya majani makavu ya mgomba, na yeye mwenyewe hasogei.

Saa nne za asubuhi hiyo akaja dereva wa lori la kahawa aliyekuwa akituletea habari kutoka kwa baba. Alikataa chai. Akamwambia haboba kwamba mtoto hajafungua macho tangu juzi na madaktari wanamchoma sindano mgongoni. Haboba akaweka ukindu chini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikayasikia yote. Nilikuwa nimemuua kwa pamba yangu na maji yangu.

Siku mbili sikula. Haboba alinisomea dua kwenye kikombe cha maji, akanipaka kichwani, akaniuliza nimeona nini. Ningemwambiaje? Angemwambia baba. Kila alfajiri nilifagia nikiwa nimefumba macho, na bado niliwajua walipo.

Jirani yetu wa mkono wa kulia alikuwa mwalimu mstaafu, bibi wa Kihindi aliyekaa peke yake. Alivaa sari ya pamba na raba za michezo, na asubuhi tulimwona akipita kwenye nyua za watu na chupa mkononi, akiokota wadudu kutani. Watoto wa mtaa walisema anafunga mashetani kwenye masanduku. Haboba alimpelekea gurusa kila Ijumaa na kusema hana ubaya, ila mimi nilikuwa nikipita mlangoni kwake mbiombio. Lakini niliwahi kuchungulia dirisha lake. Niliona sanduku lenye kioo, na ndani yake safu kwa safu za vijani vidogo vimechomwa sindano. Vyote bado ni vya kijani.

Hilo ndilo lililonipeleka. Nilijiambia kwamba yule mwanamke ameyashika majani ya watu na anajua namna ya kuyazuia yasikauke. Nilimwogopa kuliko kitu chochote Jinja nzima, na nilikuwa sina pengine pa kwenda.

Chumba chake kilinukia ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Nilipiga magoti kumwamkia, nikatoa kopo.

"Mwalimu, nisaidie kulirudisha kijani."

Alifungua, akaigusa pamba kwa ncha ya kidole. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kile cha Wahindi wa Jinja.

"Wewe natia maji?"

Nikasema ndiyo.

"Basi ni maji. Hii rangi yake hapana penda maji. Mimi pia naharibu mingi sana, zamani, kabla sijajua."

Nikaanza kulia, na katika kulia nikamwambia yote, mti, majani, sindano za mgongo. Hakucheka, wala hakusema ni upuuzi wa watoto. Alinipa leso, akasogeza kiti, akashusha masanduku matatu mezani. Akasema majani ya mti mmoja hufanana. Kisha akanipa kioo cha kukuzia na kuniambia nimwonyeshe wawili tu wanaofanana.

Nilitafuta kwa muda mrefu. Sanduku la kwanza lilikuwa la wale waliolala bapa, mabawa wazi. Akanieleza kwamba kiwavi wa hawa ndiye yule anayekunja mgongo na kunyooka akitembea, kama fundi anayepima kitambaa kwa shubiri. Nilidhani wote ni kitu kimoja, mpaka nilipotazama kwa kioo. Mmoja alikuwa na mstari mmoja mweupe, mwingine miwili. Mmoja pindo la bawa lake lilikuwa na vidoa vyekundu kama lililodariziwa, mwingine lilikuwa limechongoka kimkia. Madume walikuwa na vipapasio vya kichwani kama vitana, majike walikuwa na vipapasio kama uzi. Sanduku la pili lilikuwa la wanaokunja mabawa kama paa la nyumba. Hao, alisema, watoto wao hula pamba na bamia. La tatu lilikuwa la wanene wenye manyoya, kijani na kahawia. Mmoja wa hao nilimjua bila kufundishwa, kwani babu upande wa mama alikuwa amenionyesha nondo yule kwenye mibuni yake kule mlimani, siku kiwavi wake aliponiwasha mkono ukavimba mpaka kiwiko.

Chini ya kila nondo palikuwa na kijikaratasi chenye jina refu la kisomi. Vingi havikuwa na jina, palikuwa na alama ya kuuliza tu.

"Hii mimi sijui," alisema. "Nauliza watu ya vitabu, wao pia hapana jua."

Wakubwa wote niliowajua walikuwa na jibu la kila kitu. Huyu alikuwa na sanduku la asichokijua, tena amelipangusa vumbi. Ikanipa ujasiri wa kumuuliza swali lililonikaa kooni, kama mdogo wangu atapona.

Akaweka kioo chini.

"Hiyo pia mimi sijui. Lakini si wewe namuumiza. Hiyo najua."

Sitakudanganya kwamba hofu iliondoka. Ilibadilika sura tu. Kabla ya hapo nilikuwa nauogopa mkono wangu mwenyewe. Sasa niliogopa ugonjwa, kama walivyouogopa watu wengine, na nikaweza kula. Kila asubuhi nilimpelekea mwalimu hesabu ya ukutani. Nilimwambia leo bapa wanne, wa paa mmoja, mnene hakuna. Yeye aliandika. Haboba alishangaa mtoto aliyeanza kufagia polepole, uso karibu na ukuta. Lakini kila lori lililopunguza mwendo mtaani kwetu, mimi na haboba tuliacha tulilokuwa tukifanya.

Siku lililosimama lori lenyewe, haboba hakuinuka. Alinishika mkono akaniumiza. Dereva alishuka, akavua kofia, na kwa kitambo kile nilichokiona kirefu kuliko wiki zote zile nilidhani ameivua kwa heshima ya maiti. Kumbe joto. Akasema mtoto ameamka, anakunywa uji. Haboba alisujudu palepale barazani, juu ya ukindu wake.

Baba alinirudisha Mbale baada ya siku kumi. Nilikimbia kutoka barabarani. Mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani, amenyolewa nywele, shingo nyembamba kama bua la mtama, ananipa mgongo. Nikamwita kutoka mlangoni. Hakugeuka. Nikamwita tena, kwa nguvu. Mama akaja nyuma yangu akaniwekea mkono begani.

"Masikio, mwanangu. Masikio hayakurudi."

Hakuna aliyenilaumu, na bado usiku wa mwaka ule nilikuwa nikiota pamba iliyolowa. Mwalimu alisema anajua si mimi, nami nilimwamini mchana.

Leo mdogo wangu ni fundi cherehani katika mtaa wa Malukhu hapa Mbale, ana wateja kunishinda mimi na duka langu. Nilimweleza habari ya kopo tukiwa watu wazima, kwa ishara zetu za nyumbani, na ishara ziliponiishia nikaandika. Alisoma, akanipiga bega kwa nguvu. Kisha akachukua kalamu akaandika: "Miaka yote hii umebeba mzigo wangu bila kuniuliza kama ni wangu?" Akarudi kwenye cherehani yake. Alikuwa na gauni la harusi la kumalizia.

Haboba amekwenda. Mwalimu alichukuliwa na wanawe ng'ambo, na nasikia masanduku yaliyobaki yaliliwa na vidudu vidogo kuliko wale waliomo. Vichaka vilivyokuwa nyuma ya mtaa ule vimekuwa maghala. Vingi vimekwenda, rafiki yangu, na vingi nimevisamehe.

Kimoja sijaweza. Kabla ya homa, mdogo wangu alikuwa msemaji kuliko sisi sote. Aliimba chooni, aligombana na kuku, aliniita kutoka ng'ambo ya ua mpaka majirani wakachoka. Mtoto asiyejisikia huacha kusema kidogo kidogo. Alipofika miaka minane alikuwa amenyamaza. Hatukuwa na redio ya kunasa sauti. Mama amezeeka, na juzi alikiri kwamba hakumbuki tena sauti ile ilikuwaje. Nikamwambia mimi nakumbuka. Nikaenda jikoni, nikafumba macho nikajaribu kuisikia. Maneno yake yalikuja yote, moja baada ya jingine, lakini yalikuja kwa sauti yangu mwenyewe.