Tulipoigiza kwa Kiingereza cha Zamani

Wanafunzi wangu wa kambi ya wakimbizi ya Mugunga, kando ya mji wa Goma, walikuwa watu wazima waliokimbia vita kutoka Rutshuru na Masisi. Walijifunza Kiingereza chini ya hema lililochakaa, wakiwa wamekalia mawe meusi ya volkano, na wote walikuwa na aibu moja. Kila walipofungua mdomo mjini, vijana waliosoma Kampala waliwacheka kwa sababu r yao ilisikika mno. Mama mmoja, muuza maharagwe kutoka Kiwanja, aliniambia, "Mwalimu, mimi nitakuwa nasikia tu. Kusema, hapana. Mudomo yangu inaniletea haya."

Ndiyo maana nilitaka mimi na rafiki yangu mmoja tuwaigizie tamthilia ya zamani ya Kiingereza kwa matamshi yake ya zamani.

Nieleze kidogo, maana jambo lenyewe ni rahisi kuliko linavyosikika. Waingereza wa miaka mia nne iliyopita hawakutamka kama wa leo. Wataalamu wanalijua hilo kwa kusoma mashairi yao: kuna mistari ambayo leo haina vina, lakini wakati ule ilikuwa navyo, kwa hiyo sauti ndizo zilizobadilika. Wanatazama pia jinsi watu wa kawaida walivyoandika kwa kufuata masikio yao. Na r? Ilisikika kila ilipoandikwa. Haikumezwa. Mimi na rafiki yangu tulifundishwa haya na bibi mmoja mgeni, mwigizaji kwao, aliyekaa Goma mpaka vita vikamwondoa.

Rafiki huyo nilisoma naye darasa moja. Risasi zilipoingia mjini tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, pamoja, tukalala mkeka mmoja. Nilipomweleza mpango wangu aliniuliza, "Na wakicheka?"

"Watacheka mwanzoni," nikamwambia. "Sikio linahitaji muda wa kuzoea. Tukishikilia, watanyamaza."

Akanipiga begani. "Basi watatucheka wawili, ndugu. Hauko peke yako."

Tulichagua onyesho la ndugu wawili wanaogombania shamba la marehemu baba yao. Niliona kwamba mtu wa Masisi, ambako watu huuana kwa ajili ya ardhi, hahitaji kutafsiriwa jambo kama hilo. Mimi nilikuwa mkubwa, yeye mdogo. Tulifanya mazoezi mbele ya darasa langu, na wanafunzi wakaanza kurudia mistari yetu. Yule mama wa Kiwanja aliishika haraka kuliko wote. Siku moja alisimama, akakaza kitenge chake, akamfokea "ndugu" yake katikati ya hema, r zikinguruma, na darasa zima likapiga makofi.

"Kumbe Wazungu walikuwa wanasema sawa sisi!" akasema.

Siku yenyewe, ukumbi wa parokia karibu na Katindo ulijaa. Darasa langu lilikaa mbele. Walikuwepo wageni wa mashirika ya misaada, askari kadhaa wa kambi ya jeshi ya jirani, na nyuma kabisa wale vijana wa Kampala. Nilisema mistari yangu ya kwanza. Kicheko kikaanzia nyuma.

"Eh, papa!" mmoja akaita. "Hiyo Kiingereza ulinunua wapi? Soko ya Virunga?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hilo nilikuwa nimelitegemea. Nikamgeukia rafiki yangu kwa utulivu, nikingoja zamu yake.

Alinitazama. Kisha akawatazama wageni. Akajibu kwa Kiingereza cha leo, laini, cha mtangazaji wa redio, kila r imemezwa.

Nilidhani ameteleza. Nikausema mstari uliofuata polepole, nikikazia sauti, kama unavyomwonyesha njia mtu aliyepotea. Akajibu vilevile, safari hii huku akiwatabasamia watazamaji.

"Baba moja, watoto wawili," mtu akapaza sauti, "mumoja alisoma, mwingine alichungaka mbuzi!"

Wakampigia yeye makofi. Mimi sikubadilisha. Niliendelea hadi mwisho, nikiona vichwa vya darasa langu vikiinama kimoja baada ya kingine. Tungebaki wawili, ile ingekuwa lugha. Nilipobaki peke yangu, ilikuwa lafudhi ya kambini.

Mlangoni nilimuuliza, "Ulisahau?"

"Hapana. Ndugu, tulikuwa tunaaibika. Mimi niliokoa onyesho." Nyuma yake mgeni mmoja alikuwa akimngoja wazungumze. "Tutaongea," akaniambia.

Hatujaongea hadi leo.

Somo lililofuata, yule mama wa Kiwanja alikuja kabla ya wengine. "Mwalimu, unisamehe. Unifundishe ile ya mwenzako."

Nilimweleza tena, bila haraka, kwamba matamshi yetu hayakuwa makosa, kwamba yalikuwa ya kweli na yana umri. Alinisikiliza kwa heshima zote.

"Najua, Mwalimu. Lakini ni ile walipigia mikono."

Basi nikamwonyesha jinsi ulimi unavyolala chini ili r isisikike. Akarudia, nikamtia moyo, akarudia tena. Nilimwambia anafanya vizuri, na kweli alifanya vizuri. Somo lilipokwisha, r yake haikusikika tena.