Siku Tuliyoiachilia Kaboni

Nilikuwa fundi wa maabara huko Chepkoilel wakati mhadhiri wangu wa zamani aliponiita kwenye mradi wake. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache, na alitaka kuinasa gesi ya kaboni kwenye dohani kabla haijafika angani. Alisema nchi haitaacha kuchoma mafuta leo wala kesho, basi angalau tuyachome kwa madhara machache. Nilimwamini. Hadi wakati huo, hakuna kitu nilichotengeneza kilichowahi kutoka nje ya maabara.

Kiwanda kidogo cha maziwa upande wa Kesses kilitukubalia tufunge mtambo wetu kwenye boila yake. Ulikuwa mnara wa chuma, kimo cha watu wawili. Moshi uliingia chini, dawa ikanyunyizwa kutoka juu, nayo ikaishika gesi. Kisha tuliichemsha dawa hiyo kwa mvuke wa boila ili iitoe gesi, tukaishindilia kwenye mitungi.

Aliyeshinda nasi ni mzee wa boila. Alikuja Eldoret kutoka magharibi akiwa kijana wa kutafuta kibarua, na moto ule ulikuwa umemzeesha. Alikohoa kutwa. Mtungi wa kwanza ulipojaa aliupapasa, akaniuliza, "Sasa hii kifua yangu itapata nafuu?"

"Hapana, Mzee. Kinachokukohoza ni masizi. Hii gesi haina rangi wala harufu."

"Kwa hivyo mnashika ile hainisumbui."

"Inaharibu mvua, Mzee."

Akafikiria kidogo. "Mahindi yangu yalikauka mwaka jana. Basi shikeni."

Niliona aibu, ingawa sikuwa nimemdanganya.

Shida ilianza na mvuke. Kila tulipochemsha dawa, presha ya boila ilishuka, na mzee akalazimika kuongeza mafuta. Asubuhi moja aliongeza, lakini joto la kuchemshia maziwa halikufika kwa wakati. Maziwa ya wakulima yaliyoletwa alfajiri yakaharibika, yakamwagwa kwenye mtaro huku wenyewe wakitazama. Meneja alikuja akiwa bado amevaa viatu vya mpira.

"Daktari, nielewe vizuri," alimwambia mhadhiri. "Nachoma mafuta zaidi ndiyo nisafishe moshi ya mafuta?"

"Kwa sasa, ndiyo. Mtambo mkubwa, ukilinganisha na kazi yake, ungekula kidogo kuliko huu."

"Mimi sina mkubwa. Niko na huu. Na hiyo mitungi inaenda wapi?"

Mhadhiri aligusa mfuko wa koti lake. Nilijua ndani mna barua. Watengenezaji wa soda, tuliotarajia kuwauzia, walikuwa wamemwandikia kwamba gesi yetu si safi ya kutosha. Kuizika chini kabisa ya ardhi kulihitaji visima virefu, na hakuna ambaye angechimba kisima kwa ajili ya moshi wa boila moja.

"Bado tunatafuta," alisema.

Meneja hakupandisha sauti. Alitupa hadi mwisho wa mwezi tuondoke.

Mitungi ilikuwa ya kukodi, na mwenye mitungi aliitaka tupu. Gesi hiyo ni nzito, hutuama mabondeni na yaweza kumkata mtu pumzi, kwa hiyo tuliipeleka mchana kwenye uwanja wa wazi nyuma ya kiwanda, penye upepo. Nilizifungua koki moja baada ya nyingine. Gesi ilitoka kwa mlio mkali, koki zikafanya barafu nyeupe, vidole vyangu vikauma kwa baridi. Kazi yetu ya wiki kumi na moja ilipotea kabla ya chai ya saa kumi. Mhadhiri alisimama mbali, mikono kwenye mifuko ya koti. Sikuthubutu kumtazama usoni.

Tukirudi mjini alinipa maagizo ya ripoti. "Andika kwamba mtambo ulifanya kazi. Andika pia mvuke wote uliotumika na maziwa yaliyomwagika. Usifiche kitu."

Niliandika hivyo. Wafadhili walitushukuru kwa barua fupi, na fedha za hatua ya pili hazikuja. Mhadhiri alistaafu mapema. Mzee wa boila aliachishwa kazi mwaka uliofuata kwa sababu ya kifua, na nafasi yake ikachukuliwa na mpwa wake.

Mnara wetu ulinunuliwa na watu wa vyuma chakavu. Walikuja wawili tu, na ulikuwa mzito, kwa hiyo niliwasaidia kuupakia.