Jina Aliloliongeza Hersendis

Durand, mbeba hati ya kumwombea marehemu toka monasteri hadi monasteri, aliingia kwa watawa akichechemea.

"Mama Mkuu, hii nyumba ya thelathini na moja," alilalamika. "Marehemu kapumzika, mimi ndiye ninayezikwa njiani. Jibini lipo?"

"Lipo. Kafa nani?"

"Padre Gosbert, wa ng'ambo ya mto Loire. Homa." Akakunjua ngozi ndefu iliyojaa beti za kila nyumba aliyopita. "Andikeni zenu niende."

Mama Mkuu akamwita dada yetu wa kuzaliwa, Hersendis, maana hakuna aliyemshinda kwa kutunga beti za Kilatini. Hakujua kwamba Gosbert ndiye aliyemfundisha, wala kwamba wakati wa baridi alimtumia ubeti kwa siri: yeye ni mashua isiyo na usukani, Hersendis ndiye bandari, amfungulie. Wote wawili hawakuwahi kuiona bahari. Hersendis alimwogopa Mungu, hakujibu. Alisema moyoni, Kwaresima ipite kwanza. Sasa nafasi ya kumjibu ilikuwa upana wa viganja viwili, mbele ya watu.

Akaandika kwanza kwenye kibao cha nta: Mashua yako ilifika, Gosbert. Bandari ndiyo iliyofungwa minyororo.

Mama Mkuu akasoma, akafuta kwa kidole gumba. "Nyumba mia zitasoma haya, binti yangu. Nani atamwombea padre wa namna hiyo? Unataka aungue?"

"Hapana, Mama."

"Basi andika kama wenzako."

Akaandika kama wenzake: amevuka mawimbi, ametia nanga kwa Kristo. Kila neno lilikaa sawa, na hilo ndilo lililomtisha.

Chini ya beti, kila nyumba huongeza majina ya wafu wake, nao waombewe njiani. Mwaka ule walikuwa wawili, Richildis na Osanna. Hersendis akawaandika. Mama Mkuu alipotoka kumkatia mgeni jibini, akaongeza la tatu: Hersendis.

"Watatu!" Durand alisema akikunja ngozi. "Poleni. Mwaka huu mmepigwa."

"Tumepigwa," akajibu Hersendis.

Kabla ya Pentekoste hati ilifika kanisa la kwetu nyumbani. Kengele ikalia, misa ikasomwa, mama yetu akavaa nguo nyeusi. Habari ziliporudi kwa watawa, Mama Mkuu, machozi yakimtoka, alimsukumia Hersendis wino.

"Mwandikie mama yako kwamba u hai."

"Nitamdanganyaje mama?" alisema dada yetu, asiuguse.